Usipoziba Ufa: Programu Mpya, Simu Sumbufu na Elimu ya Matunzo

Ni vyombo vichache vilivyoingia katika maisha ya shule kwa kasi kama kompyuta na simu ya mkononi, na ni vichache vinavyolalamikiwa kama hivyo. Mwalimu huandika mtihani wake vizuri kwenye kompyuta ya shule, akaupeleka steshenari katika flashi ili ukachapwe, akakuta maswali yamehama kurasa na alama za hisabati zimegeuka viboksi vitupu. Karani hufungua kompyuta asubuhi ya siku ya kutoa ripoti, mashine ikamwambia asubiri kwa kuwa inajisasisha. Na inapokwisha kujisasisha, printa iliyokuwa ikichapa jana haichapi tena. Mwanafunzi aliye likizoni hununua bando la wiki, likamalizika siku ya pili kwa sababu simu imepakua matoleo mapya ya programu ambazo hakuziomba. Mzazi mwenye simu ya miaka mingi huambiwa na programu ya benki kwamba simu hiyo haikubaliki tena, ingawa kioo hakijapasuka na sauti inasikika barabara.

Mbele ya matatizo hayo, watumiaji wengi wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba chombo kinachofanya kazi kisiguswe. Kila ujumbe unaotaka programu isasishwe hufungwa bila kusomwa. Kambi ya pili huamini kwamba kila kipya ni bora. Hubonyeza kitufe cha kukubali bila kuuliza, na chombo kikianza kusuasua, dawa yake ni kununua kingine. Yafaa isemwe wazi kwamba kambi zote mbili zimepotoka, na kwamba upotofu wao una chanzo kimoja: programu haijahesabiwa kuwa kitu kinachohitaji matunzo, kama linavyohesabiwa paa la darasa, pampu ya maji au baiskeli. Shule inayofundisha sayansi haina budi kufundisha matunzo hayo, na taifa linalonunua vyombo hivyo halina budi kuwadai watengenezaji sehemu yao ya wajibu.

Kwa nini programu huzeeka

Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa ili mashine iyafuate. Maagizo hayo hayashiki kutu, hayaliwi na mchwa, wala hayapauki kwa jua. Programu iliyoandikwa mwaka 2001 ingali na maagizo yale yale hata leo. Kinachobadilika ni mazingira yake. Daraja lililojengwa kwa ajili ya mikokoteni halibomoki siku malori yanapoletwa mjini, lakini siku hiyo hiyo linakuwa daraja la hatari. Ndivyo ilivyo programu: mashine zinazoizunguka hubadilika, namna ya kuandika na kupeleka habari hubadilika, na wahalifu hugundua nyufa ambazo mwandishi wake hakuziona.

Mfano wa mtihani uliovurugika steshenari unaeleza jambo hili. Mwaka 2007 programu ya Microsoft Office ilibadilisha namna yake ya kuhifadhi maandishi, ikaacha muundo wa zamani wa faili na kushika mwingine. Tangu hapo, kompyuta yenye toleo la kabla ya mwaka huo haikuweza kuufungua muundo mpya bila msaada wa programu nyingine. Hata pale ambapo faili lafunguka, aina ya herufi iliyotumiwa shuleni huenda haimo katika kompyuta ya steshenari. Mashine hutafuta herufi nyingine ya kuziba pengo, maneno yakawa mapana au membamba zaidi, na kurasa zikahama. Hakuna aliyekosea kuchapa. Kompyuta mbili zimeshindwa kuelewana, kama watu wawili waliojifunza lugha moja katika vitabu viwili tofauti. Dawa ni nyepesi: kazi iliyokamilika ihifadhiwe pia katika muundo wa PDF, ambao unaweza kubeba sura ya ukurasa pamoja na herufi zake, na ambao ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008.

Ni muhimu pia kutambua kwamba neno “kusasisha” limekusanya mambo matatu yasiyofanana. La kwanza ni kiraka cha usalama, ambacho huziba ufa mmoja na kwa kawaida hakibadilishi sura ya programu. La pili ni masahihisho ya makosa, ambayo huondoa hitilafu zilizogunduliwa na watumiaji. La tatu ni toleo jipya, ambalo huleta sura mpya, uwezo mpya, na mara nyingi mahitaji makubwa zaidi ya kumbukumbu na nguvu ya mashine. Kiraka ni sawa na fundi anayebadilisha bati moja linalovuja. Toleo jipya ni sawa na kuezua paa lote na kuezeka upya. Mtu anayekataa yote matatu kwa kuogopa la tatu, na mtu anayekubali yote matatu kwa kupenda la tatu, wote wawili wameacha kupambanua. Na kupambanua ndiyo hatua ya kwanza ya sayansi.

Ufa usiozibwa

Hatari ya kukataa viraka ilionekana dunia nzima mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo, kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika sehemu ya Windows inayoshughulika na kugawana mafaili baina ya kompyuta zilizounganishwa. Tarehe 12 Mei, yaani siku 59 baadaye, programu haribifu iliyopewa jina la WannaCry ilianza kusambaa kupitia ufa huo huo. Haikungoja mtu abonyeze chochote. Ilitoka kompyuta moja hadi nyingine yenyewe, ikayafunga mafaili kwa maandishi ya siri, kisha ikadai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliambukizwa.

Nchini Uingereza, taasisi zaidi ya 80 za huduma ya afya ya taifa ziliathirika, na inakadiriwa kwamba miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilifutwa. Watu wengi walidhani kwamba kosa lilikuwa la Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001 na ambao matunzo yake yalikoma tarehe 8 Aprili 2014. Uchunguzi ulionyesha jambo lingine. Nyingi ya kompyuta za hospitali zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unatunzwa, na ambao kiraka chake kilikwisha kutolewa. Dawa ilikuwapo, lakini haikuwa imenywewa. Hapo ndipo wahenga wanapothibitika: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haifai, basi, mwalimu au mwanafunzi kudhani kwamba shule yake ni ndogo mno kuvutia wahalifu. Programu ya namna hiyo haichagui. Hubisha hodi katika kila mlango wa mtandao, na mlango ulio wazi ndio unaoingiwa, uwe wa hospitali kubwa au wa ofisi ya mwalimu mkuu ambamo alama za kidato cha 4 zimehifadhiwa katika kompyuta moja isiyo na nakala.

Dawa iliyoleta ugonjwa

Hata hivyo, kambi inayokubali kila kitu nayo imepewa fundisho lake. Asubuhi ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1 na dakika 9 kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilipeleka faili dogo la kusasisha programu yake ya ulinzi kwenye kompyuta za wateja wake duniani kote. Baada ya dakika 78 faili hilo liliondolewa, lakini maji yalikwisha mwagika. Kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilizimika, na kila zilipowashwa zilizimika tena. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali ziliahirisha matibabu, na benki zilishindwa kuhudumia wateja.

Chanzo chake kinafaa kufundishwa katika kila darasa la hisabati. Sehemu moja ya programu ilitarajia kupokea taarifa 21. Sehemu iliyokuwa ikizileta ilileta 20. Programu ilipoitafuta taarifa ya 21 ilinyoosha mkono nje ya kumbukumbu iliyopewa, na mfumo mzima ukasimama ili kujikinga. Tofauti ya moja tu, ambayo mwanafunzi wa kidato cha 1 angeiona kama angeonyeshwa orodha mbili, ilisimamisha viwanja vya ndege. Aidha, kwa kuwa kompyuta zilizoathirika hazikuweza kuwaka zikapokea masahihisho kwa mtandao, nyingi zililazimu kutembelewa na fundi moja baada ya nyingine.

Kosa kubwa zaidi halikuwa hesabu ile. Binadamu hukosea, na waandishi wa programu ni binadamu. Kosa kubwa lilikuwa kulipeleka faili kwa wote kwa mara moja, badala ya kulijaribu kwanza kwenye kompyuta chache na kungoja. Mkulima mwenye busara apewapo mbegu mpya haipandi shamba zima msimu wa kwanza. Hutenga matuta machache akatazama. Kampuni yenye wataalamu wengi ilisahau kanuni ambayo mkulima huyo anaijua.

Simu inayozimika ikiwa na chaji

Kwa upande wa simu, lalamiko la kawaida ni kwamba simu ilikuwa nzuri ilipokuwa mpya, kisha “wakubwa wa kampuni” wakaifanya nzito ili mtu anunue nyingine. Lalamiko hili lina ukweli ndani yake na lina upungufu ndani yake, na fizikia ya sekondari inatosha kuvitenganisha.

Betri ya simu ni ya madini ya lithi. Kila betri ina ukinzani wa ndani, na ukinzani huo huongezeka kadiri betri inavyochajiwa na kutumiwa. Kanuni ijulikanayo ni V = E − Ir, ambapo V ni volti zinazoifikia simu, E ni volti za betri isipotoa mkondo, I ni mkondo, na r ni ukinzani wa ndani. Chukulia, kwa mfano, betri yenye E ya volti 3.8, na simu ambayo kwa kufungua kamera huvuta mkondo wa ampea 2. Betri ikiwa mpya na r ikiwa omu 0.1, volti zinazobaki ni 3.6, na simu hufanya kazi. Betri ikizeeka na r ikafika omu 0.4, volti zinazobaki ni 3.0 tu. Ikiwa simu imepangwa isifanye kazi chini ya volti 3.2, itazimika ghafla, ingawa kioo kilionyesha kwamba chaji ipo. Mwenye simu atasema imerogwa, kumbe Ir imekua.

Mwezi Januari 2017 kampuni ya Apple ilisasisha programu ya baadhi ya simu zake ili prosesa ipunguziwe kasi pale betri inapokuwa dhaifu, na kwa njia hiyo mkondo upungue na simu isizimike. Kwa upande wa fizikia hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Kasoro ilikuwa kwamba watumiaji hawakuelezwa bayana. Waliona tu simu zao zimekuwa nzito, na wengi wakanunua nyingine bila kujua kwamba betri mpya ingezirudishia kasi. Ukweli ulipojulikana Desemba 2017, kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na baadaye ikaweka mahali pa kuangalia afya ya betri. Mwezi Februari 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Italia ilikwisha zitoza faini Apple na Samsung mwaka 2018 kwa matoleo mapya ya programu yaliyozidhoofisha simu za zamani.

Funzo la mkasa huo si kwamba kila toleo jipya ni hila. Mtumiaji anayejua V = E − Ir atabadilisha betri kabla ya kubadilisha simu, na mtumiaji asiyeijua atalipa bei ya kutojua kwake. Anayejua zaidi atailinda betri isizeeke upesi: hataiacha simu juani au ndani ya gari lililofungwa, kwa maana joto ndilo adui mkubwa wa betri ya lithi, hasa betri hiyo ikiwa imejaa chaji.

Yapo matatizo mengine ya simu ambayo hayahitaji fundi wala duka. Simu inayoganda kila mara aghalabu imejaa picha na video. Kumbukumbu yake ya kudumu huhitaji nafasi tupu ili iandike kwa haraka, na inapokosa nafasi hulazimika kuhamisha na kufuta kwanza. Simu inayokataa kufungua kurasa za mtandao huku mtandao ukiwapo huenda ina tarehe isiyo sahihi. Kurasa salama hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na simu inayodhani kwamba sasa ni mwaka 2015 itakiona cheti halali kuwa hakijaanza kutumika. Kabla ya kuilaumu kampuni ya simu, yafaa kutazama saa.

Matunzo yana tarehe ya mwisho

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba kila mfumo wa kompyuta au simu hutunzwa kwa muda maalumu tu. Muda huo ukiisha, chombo hakizimiki. Huendelea kufanya kazi kama jana. Ila tangu siku hiyo nyufa zikigunduliwa hakuna wa kuziziba kwa kawaida. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya namna hiyo kwa Windows 10, mfumo uliotolewa mwaka 2015. Mrithi wake, Windows 11, aliyetolewa Oktoba 2021, huhitaji kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa jumla, prosesa za kuanzia mwaka 2017 au 2018. Kwa hiyo kompyuta nyingi zenye uzima kamili hazikubaliki rasmi kupokea mfumo huo.

Habari hii inazigusa shule za Afrika Mashariki moja kwa moja. Shule nyingi hupata kompyuta zilizokwisha tumika nchi za nje, zikiwa msaada au zikinunuliwa kwa bei nafuu. Kompyuta iliyotengenezwa mwaka 2015 huweza kuandika, kuhesabu na kufundishia kwa miaka mingi bado. Ikitupwa kwa sababu ya programu peke yake, taifa limetupa chuma, shaba na jasho, na limejiletea taka zenye risasi na sumu nyingine. Ikiachwa kwenye mtandao bila matunzo, ni mlango ulio wazi.

Kati ya kutupa na kuacha zipo njia nyingine. Ya kwanza ni kununua matunzo ya nyongeza: kwa taasisi za elimu Microsoft ilitangaza bei ya dola 1 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, dola 2 kwa mwaka wa pili na dola 4 kwa mwaka wa tatu. Ya pili ni kuitenga kompyuta hiyo na mtandao, ikatumika kwa kuandika na kujifunzia tu, huku flashi zikichunguzwa kabla ya kuingizwa. Ya tatu ni kuweka mfumo huria wa Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Mfumo huo haulipiwi leseni, una matoleo mepesi yanayofaa mashine za zamani, na matoleo yake mengi hutangaza mapema tarehe ya mwisho ya matunzo.

Watakuwapo watakaosema kwamba Linux ni ngeni, na kwamba walimu na steshenari wamezoea programu nyingine. Pingamizi hilo lina uzito, maana kazi ya shule haiwezi kusimama ili watu wajifunze upya. Lakini ugeni hupungua kwa kujaribu. Kompyuta mbili kati ya kumi zikiwekwa mfumo huo kwa muhula mmoja, shule itapata jibu lake yenyewe badala ya kutegemea uvumi. Tena jambo hili si geni kabisa katika nchi hizi: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihusika katika kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyomwonyesha mtumiaji orodha na maelezo yake kwa Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba programu ikiwa huria, watumiaji wake waweza kuitengeneza ifanane na haja zao bila kungoja ruhusa.

Wajibu wa shule

Shule haihitaji maabara ya kifahari ili ianze matunzo. Inahitaji daftari. Kila kompyuta na kila simu ya ofisi iandikwe humo: mwaka wa kutengenezwa, mfumo ilio nao, tarehe matunzo ya mfumo huo yanapokoma, siku kiraka cha mwisho kilipowekwa, na hali ya betri. Daftari la namna hiyo huweza kutunzwa na klabu ya sayansi chini ya mwalimu mmoja, hata katika shule ambayo umeme hukatika, na huwapa wanafunzi zoezi la kweli la kukusanya na kuchambua taarifa.

Kisha, kabla ya kukubali badiliko lolote, wahusika wajiulize maswali manne. Kwanza, je, hiki ni kiraka au ni toleo jipya? Kiraka kiwekwe mapema, katika siku chache. Toleo jipya halina haraka hiyo. Pili, nakala ya kazi muhimu iko wapi? Kazi iliyo mahali pamoja tu haijahifadhiwa, na nakala isiyowahi kujaribiwa kufunguliwa ni matumaini tu. Tatu, ni kompyuta ipi itakayojaribiwa kwanza? Moja itangulie, ichapishe, ifungue mitihani ya zamani, ikae siku kadhaa, ndipo nyingine zifuate. Nne, je, wakati huu unafaa? Toleo jipya liwekwe wakati wa likizo, wala si wiki ya mitihani.

Gharama ya bando nayo isiwe kisingizio. Simu huweza kupangwa isipakue chochote mpaka mwenyewe aamue. Kompyuta za Windows zilizo katika mtandao wa ndani wa shule huweza kupangwa zigawane mafaili ya kusasisha, ili kilichopakuliwa na moja kisipakuliwe tena na kila moja. Viraka vya usalama kwa kawaida ni vidogo kuliko matoleo mapya. Shule yenye fedha kidogo na itenge bando lake kwa viraka kwanza.

Wajibu wa watengenezaji na wa taifa

Haitakuwa haki, hata hivyo, mzigo wote kubebeshwa mwalimu na mwanafunzi. Anayeuza chombo kisichoweza kuishi bila viraka ameuza pia ahadi ya viraka, na ahadi hiyo inapasa ijulikane kabla fedha hazijatolewa. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinamtaka mtengenezaji wa simu janja aendelee kutoa masahihisho ya mfumo kwa muda usiopungua miaka 5 tangu aache kuiuza aina hiyo ya simu, vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7, na betri iweze kustahimili mizunguko 800 ya chaji ikiwa bado na asilimia 80 ya uwezo wake. Kanuni hizo zimeonyesha kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba watengenezaji wanaoambiwa “haiwezekani” ndio “inawezekana” hutii sheria zinapotungwa.

Serikali za Afrika Mashariki zimekwisha onyesha kwamba zina uwezo wa kusimamia soko la simu. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ilifanya hivyo Juni 2016, kwa kutumia namba ya utambulisho ya tarakimu 15 ambayo kila mwenye simu huiona kwa kubonyeza *#06#. Hatua hizo zilikuwa na msingi mzuri, maana simu bandia haina mtengenezaji anayejulikana, na isiyo na mtengenezaji haina wa kuiziba nyufa. Lakini simu halisi iliyoachwa na mtengenezaji wake baada ya miaka 2 haina nafuu kubwa kuliko ile bandia. Mamlaka iliyoweza kuuliza “simu hii ni ya nani?” iulize sasa “simu hii itatunzwa hadi lini?”

Hatua ya kuanzia haina gharama kubwa. Kila boksi la simu au kompyuta inayoingizwa nchini lichapwe tarehe ya mwisho ya matunzo ya programu, kama inavyochapwa tarehe ya mwisho kwenye dawa na maziwa ya unga. Zabuni za serikali na za shule zitaje tarehe hiyo kuwa sharti, na misaada ya kompyuta ipokewe kwa kigezo hicho hicho. Nchi moja ikidai peke yake huenda isisikike. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikidai pamoja ni soko ambalo hakuna muuzaji atakayelidharau.

Wakati sharti hilo linangojwa, kila mwalimu mkuu anaweza kuliuliza kwa mdomo siku ya kununua, na kumtaka muuzaji aandike jibu kwenye risiti. Muuzaji asiyejua atalazimika kutafuta, na mwenye kujua atalazimika kusema. Kompyuta ambayo tarehe yake haijulikani isinunuliwe kwa fedha za ada, hata ikiwa bei yake ni ya kuvutia.